"Mpende Mwenye Dhambi, Chukia Dhambi": Haya Maneno Yalitoka Wapi?

Kuna sentensi moja Wakenya tunaipenda sana: mpende mwenye dhambi, lakini uichukie dhambi. Wahubiri wanaisema, wazazi wanaisema, na mitandaoni kila mjadala wa maadili unaishia hapo. Sasa uliza iko kitabu gani cha Biblia, uone watu wakianza kupekua. Haiko. Tena ukisoma Zaburi ya 5, mstari wa 5, unapata jambo gumu zaidi: wanaochukiwa pale ni watenda maovu wenyewe. Halafu kuna Yohana 3:16, ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili anaijua, na hiyo inazungumzia upendo kwa ulimwengu mzima.

Kwani Mungu ana roho mbili? Swali hili lina karibu miaka 1,900, na wacha niwaonyeshe vile watu walihangaika nalo, kwa sababu naona historia yake inatusuta.

Tuanze na Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, nchi ambayo leo ni Uturuki. Alifika Roma akalipatia kanisa mchango wa sestersi 200,000. Baadaye akaanza kufundisha kwamba kuna miungu wawili: yule wa Agano la Kale, wa sheria na adhabu, na Baba wa Yesu, ambaye ni upendo mtupu na hakasiriki. Alitupa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyoipunguza na barua 10 za Paulo. Mwaka 144 kanisa lilimfukuza na kumrudishia pesa zake zote. (Kanisa kurudisha mchango! Hiyo peke yake ni muujiza.)

Waliomjibu Marcion vizuri zaidi walikuwa watu wa bara letu. Tertullian wa Carthage, Tunisia ya leo, aliandika vitabu 5 dhidi yake. Hoja yake ni rahisi: mungu anayekataza uovu lakini haudhiki ukitendwa, amekataza nini basi? Karibu miaka 100 baadaye Lactantius, naye wa Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuhusu hasira ya Mungu. Alisema anayependa wema lazima auchukie uovu. Ukimpenda mtoto na usisikie chochote akidhulumiwa, huo si upendo, ni kutojali. Kwa hivyo chuki ya Mungu kwa dhambi inatoka ndani ya upendo wake. Si upande wake wa pili.

Halafu ndio tunafika kwa wenye sentensi yetu. Mnamo mwaka 424 hivi, Augustine, askofu wa Hippo, mji unaoitwa Annaba huko Algeria, aliwaandikia barua watawa wa kike waliokuwa wakigombana. Ndani yake kuna maneno machache ya Kilatini kuhusu kuwapenda watu na kuyachukia maovu yao. Hapo ndipo watu wengi wanarudi wakitafuta chanzo cha huu msemo.

Lakini soma mazingira yake. Augustine alikuwa anaeleza vile mtawa anafaa kumrekebisha mwenzake. Anza kwa kumwambia yeye mwenyewe. Akirudia, ahusishwe mkuu wao, kisha mashahidi wawili au watatu. Alitumia mfano wa kidonda: kama dada yako anaficha kidonda kwa kuogopa kukatwa, kunyamaza kwako ni ukatili. Ndiyo, mwishowe aliyekataa kabisa kurekebishwa angefukuzwa, na hiyo si huruma laini. Ila maneno yale yaliandikiwa watu wanaoishi nyumba moja, wanaokula meza moja. Hayakuwa ya kumrushia mtu usiyemjua hata jina.

Augustine huyo huyo alisema kwamba Mungu alitupenda hata alipotuchukia: alichukia kile tulichojifanyia, akapenda kile alichokiumba yeye. John Calvin alimnukuu miaka zaidi ya 1,000 baadaye. Kwangu mimi, hilo ndilo jibu la karibu zaidi kwa Zaburi ya 5. Daktari anauchukia ugonjwa kwa sababu anamtaka mgonjwa.

Shida inaanza binadamu akijipa kazi ya kuchukia kwa niaba ya Mungu. Tarehe 8 Julai 1741, huko Enfield, Connecticut, Jonathan Edwards alihubiri juu ya wenye dhambi mikononi mwa Mungu mwenye hasira, hadi watu wakalia kwa sauti kanisani. Edwards huyo huyo alikuwa na mahubiri mazuri sana kuhusu mbinguni kama ulimwengu wa upendo. Na mwaka 1731 alikuwa amenunua msichana Mwafrika, mtumwa, aliyeitwa Venus. Dhambi alizichukia, lakini hiyo hakuiona.

Hapa kwetu tuna mfano tofauti. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulifika Kenya mwaka 1937. Wandugu wa uamsho walikuwa wakali kwa dhambi, lakini desturi yao ilikuwa kuanza na za kwao: unasimama, unataja ulichoiba, unarudisha. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, na wengine wakakataa pia bunduki za serikali ya mkoloni. Walilipa gharama pande zote mbili.

Sasa linganisha na makanisa ambako msichana akipata mimba anasimamishwa mbele au anaambiwa akae nyuma, na kijana aliyempa hiyo mimba bado anaimba kwaya. Mchango wa mwizi wa pesa za umma unapokelewa kwa vigelegele. Hapo hakuna dhambi inayochukiwa. Kuna msichana anayechukiwa.

Mimi siamini Mungu asiyeudhika. Nikiangalia wizi wa dawa hospitalini, nataka Mungu anayekasirika. Ila kabla hujatumia ile sentensi tena, jiulize kama unamjua huyo mtu, na kama ungeketi naye mezani. Huko kanisani kwenu, ni nani huitwa mbele, na ni nani haitwi kamwe? Niambie hapo chini.