Treni Iliporudi Kinyumenyume

Kila inapofika Juni 24 huwa naikumbuka Igandu. Siku hiyo mwaka 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilianza kurudi kinyumenyume kwenye mteremko mkoani Dodoma, ikashika kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Tukalia, tukazika, tukasema ni mipango ya Mungu.

Mimi nina ubishi kidogo na hilo neno, wapendwa. Ajali ya namna hiyo ilikwishatokea miaka 113 kabla.

Ilikuwa Juni 12, 1889, Armagh, Ireland. Treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilikwama mlimani. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili, ili kichwa kivute kwanza mabehewa ya mbele. Tatizo ni kwamba breki zilipata nguvu kutoka kwenye kichwa. Ukishakata, mabehewa ya nyuma yanabaki na breki ya mkono tu. Yakaserereka, yakaigonga treni iliyokuwa inafuata. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 80.

Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria: treni za abiria ziwe na breki zinazojifunga zenyewe bomba likikatika. Yaani hitilafu iisimamishe treni, isiiachie.

Lakini breki zikishindwa, kinachobaki ni behewa lenyewe. Mei 22, 1915, huko Quintinshill, Uskochi, treni ya wanajeshi iligongana na nyingine. Mabehewa yake yalikuwa ya mbao, taa za gesi. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 200. Taratibu chuma kikachukua nafasi ya mbao, vikaja viungio vinavyozuia behewa kupanda juu ya jingine. Siku hizi ncha za mabehewa mapya huundwa zikunjike, ili nguvu ya mgongano iishie pasipo na abiria.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tunasifia viti, kiyoyozi na mwendo. Sawa, raha ni raha. Ila tujifunze kuuliza pia: breki zinakaguliwa lini, na nani? Na yule anayepanda behewa la zamani kwenda Kigoma, naye anaulizwa habari zake?

Wale 281 hawakudai makubwa. Walitaka kufika tu.