Tuta Lililoinuliwa

Tuta lililoinuliwa ni sehemu ya bustani ambayo udongo wake umerundikwa juu ya usawa wa ardhi, aghalabu kwa sentimita 15 hadi 30, ili mizizi ipate udongo tifutifu na maji ya ziada yapate pa kutokea. Kiingereza huliita raised bed.

Kwa sikio la haraka, jina la Kiswahili linajirudia. Tuta la viazi vitamu limeinuka tayari, na la barabarani vilevile. Iweje basi liongezewe “lililoinuliwa”? Jibu liko kwa mabwana shamba. Katika maelekezo ya kilimo cha mboga nchini Tanzania, tuta ni eneo lolote lililopimwa na kulainishwa kwa ajili ya kusia mbegu au kupanda, nalo ni la namna tatu: lililoinuliwa, la kawaida lililo sawa na ardhi, na la makingo, ambalo katikati limedidimia na kingo zimenyanyuka zishike maji. Sifa inayoonekana kuwa ya ziada ndiyo inayotenganisha. Kitalu, neno ambalo baadhi ya wafasiri hulikimbilia, halifai: hicho ni mahali pa kukuzia miche kabla ya kuhamishwa, na kinaweza kuwekwa kwenye tuta la namna yoyote. Jaruba nalo ni la mpunga, na kazi yake ni kuzuia maji yasitoke.

Palipobaki pengo ni kwenye kuta. Uingereza na Marekani, jina raised bed mara nyingi humaanisha fremu ya mbao, tofali au bati isiyo na kitako, iliyojazwa udongo. Hilo ni heri liitwe tuta la boksi, kwa sababu linajengwa, halilimwi, na matunzo yake ni tofauti.

Upana wa tuta hupimwa kwa mkono wa mpaliliaji. Aliyechutama hufikia kama sentimita 60 bila kujinyoosha, kwa hiyo tuta linalofikiwa pande zote mbili huwa na mita 1 hadi 1.2, na lililoegemea ukuta nusu ya hapo. Njia ya sentimita 40 humtosha mtu, lakini toroli hudai 60. Kwenye mteremko, tuta hukata mteremko, vinginevyo mvua ya kwanza itaufanya kila ujia kuwa mfereji. Vigingi na kamba vikishakaa, jembe huchimba njia na udongo wake hutupwa juu ya tuta: njia inashuka, tuta linapanda, na kimo kinapatikana kwa nusu ya kazi.

Boksi halina urahisi huo. Lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 20 humeza mita moja ya ujazo, yaani madebe 50 ya lita 20, na ni vema kuyahesabu kabla ya kununua mbao. Debe moja la mboji au samadi iliyooza kwa mawili ya udongo wa juu ni kipimo kizuri. Samadi mbichi huunguza miche.

Likishapandwa, tuta halikanyagwi, maana unyayo mmoja hushindilia ulichokitifua. Kingo za udongo huporomoka wakati wa masika, ndiyo maana hulazwa kidogo na kupigwapigwa kwa mgongo wa koleo. Mboji nayo huoza na tuta hushuka, hivyo kila msimu huongezwa tabaka la sentimita 2 hadi 5. Kwa kuwa upepo hulifikia ubavuni pia, tuta hili hukauka upesi, na matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu ni ya lazima. Kiangazini, sehemu kame kama Dodoma, tuta la makingo hulishinda kabisa. Nyanya haifuati bilinganya wala mnavu, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na mnyauko bakteria hubaki udongoni ukizisubiri.

Adui wa boksi ni mchwa. Dawa iliyozoeleka, kupaka mbao oili chafu, inafaa nguzo za uzio. Kwenye mboga sumu yake huingia udongoni. Palipo na mchwa wengi, boksi hujengwa kwa tofali za saruji.