Pumzi na Moyo katika Kifo cha Kifafa

Kifafa ni maradhi ya kale, na hofu yake ni ya kale vile vile. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha Wayunani, miongoni mwa vile vinavyonasibishwa na Hippocrates, kilikana ya kuwa maradhi haya huletwa na miungu, kikasema asili yake imo ubongoni. Hata hivyo swali zito lilisalia: mwenye kifafa aliyelala salama kitandani, asizame majini wala asiungue motoni, hufaje usiku mmoja?

Mwaka 1868 tabibu wa Uingereza, George Mackenzie Bacon, aliandika juu ya namna za kufa kwa wenye kifafa. Mwaka 1904 William Spratling wa Marekani alionya ya kuwa maradhi haya yaweza kukata uhai kwa ghafula. Walijua kwamba kifo kipo. Njia yake hawakuiona. Wengi waliofuata waliutuhumu moyo.

Ushahidi ulikuja mwaka 2013. Philippe Ryvlin na wenzake walikusanya habari za wagonjwa waliofia hospitalini huku mitambo ikipima ubongo wao. Waliokufa kwa ghafula namna hii walikuwa 16, na 14 kati yao walikufa usiku. Vipimo vya 10 vilitosha kuonyesha mfuatano wa mambo. Mtukutiko wa mwili mzima ulikoma. Pumzi zikaenda mbio. Kisha mawimbi ya ubongo yakanyamaza, pumzi na moyo vikalegea. Mwisho pumzi ilikatika kabisa, ndipo moyo ukasimama. Mtuhumiwa wa siku nyingi alikuwa wa mwisho kuanguka.

Mwaka 2015 Brian Dlouhy na wenzake, huko Iowa, walionyesha sehemu moja ya sababu. Mtukutiko ulipofika katika amigdala, fundo dogo la ubongo lenye kuhusika na hofu, pumzi ilisita. Na umeme ulipotiwa hapo, ilisita vile vile. Ajabu ni kwamba mgonjwa hakuhisi kuwa amekosa hewa. Basi ubongo waweza kuzuia pumzi na kuficha dhiki yake pamoja.

Jambo hili latia uzito katika habari za Mahenge, Tanganyika, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa yapata mwaka 1960. Katika wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30, 110 walifariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa: mitukutiko isiyokoma, maji, moto, au kufa katika kuanguka kwenyewe. Watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani mate yake huambukiza. Mate hayaambukizi kifafa. Dawa ipunguzayo mitukutiko ndiyo kinga ya kwanza. Lakini aliyenyamaza baada ya mtukutiko ahitaji mtu wa kumlaza ubavu na kuangalia pumzi yake, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda asijue kwamba imekatika. Hofu ilimwondoa jirani katika dakika zile zile ambazo mkono wake ulihitajiwa.