Kichuguu Kisicho na Msimamizi

Katika nchi ya Sirisia, chini ya Mlima Elgon, vichuguu ni vingi mashambani. Mvua zikaribiapo, watu hufunika tundu za kichuguu, kisha huketi wakigonga vijiti kwa mwendo mmoja. Kumbikumbi hudhani kwamba mvua yanyesha, wakatoka kwa wingi, nao hukamatwa, hukaangwa na kuliwa. Wazee waliovumbua jambo hilo walikuwa wamegundua siri kubwa: mdudu hangoji amri, bali hufuata alama.

Wataalamu wa ng'ambo walichelewa kuitambua siri hiyo. Walijiuliza: mchwa ni kipofu na ubongo wake ni mdogo mno; basi ni nani amwongozaye kujenga nyumba ndefu kumpita mtu, yenye vyumba na njia za hewa? Eugène Marais wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alisema kwamba kichuguu ni kama mwili mmoja, na malkia ndiye ubongo wake.

Jibu jingine lilianza kuonekana mahali pasipo mchwa. Mnamo mwaka 1948 na 1949, katika mji wa Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo aitwaye W. Grey Walter aliunda kobe wawili wa mashine, akawaita Elmer na Elsie. Kila kobe alikuwa na valvu mbili tu, kama zile za redio za zamani, badala ya chembe mbili za ubongo. Alikuwa na jicho la kuhisi mwanga na gamba la kuhisi mguso. Aliufuata mwanga wa kadiri, akaukimbia mwanga mkali, na akigonga kitu aligeuka. Betri ilipopungua nguvu, hakuuogopa tena mwanga mkali, bali aliingia bandani mwake penye taa ili ajazwe umeme. Watazamaji walidhani kwamba ana hiari yake, kumbe alikuwa na kanuni chache tu.

Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé, aliyewachunguza mchwa wa Afrika, alieleza ujenzi wao kwa njia iyo hiyo. Mchwa mmoja huweka tonge la udongo lenye mate. Tonge hilo humvuta mwingine kuweka lake papo hapo. Nguzo hupanda, na nguzo mbili zilizo karibu huinamiana zikawa tao. Kazi iliyokwisha kufanywa ndiyo iagizayo kazi inayofuata. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba hata mahali panapochimbwa huwavuta wafanyakazi wengine.

Mwaka 2014 Justin Werfel, Kirstin Petersen na Radhika Nagpal wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza habari za roboti ndogo zilizojifunzia kwa mchwa. Ziliinua matofali, zikapanda juu ya ukuta walioujenga, wala hazikuwa na msimamizi. Kila moja ilitambua yale tu yaliyokuwa karibu nayo. Moja ikiharibika, nyingine zaweza kuendelea.

Walakini, msomaji asisahau jambo moja. Umbo la jengo lilichaguliwa na binadamu, na kompyuta ikaligeuza kuwa kanuni ambazo roboti zilizifuata. Mashine ya namna hii haijui kama inajenga zahanati au gereza. Tena, kama kumbikumbi wanavyodanganywa kwa vijiti, ndivyo mashine ifuatayo alama iwezavyo kudanganywa kwa alama ya uongo.

Basi mwanafunzi apitaye kando ya kichuguu akienda shule asikidharau. Humo mna somo lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi: kwamba kazi kubwa yaweza kutendeka bila bwana, mradi kanuni ziwe njema. Kuzichagua kanuni hizo ni wajibu wetu sisi tulio na akili, wala hatuwezi kuiachia mashine wajibu huo.