KENGELE YA KENGELENI



Ijumaa iliyopita vijana wetu walitazama filamu pale kanisani, juu ya mtu anayewaokoa watoto waliouzwa. Mlango ulipovunjwa na watoto wakatoka, wote walipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Lakini nikirudi nyumbani Phase 4 nilijiuliza: na baada ya hapo je? Filamu iliishia mlangoni. Historia yetu wenyewe haikuishia hapo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikazidi kukamata majahazi yaliyobeba watu. Sasa, waliookolewa waende wapi? Kwao ni mbali, na ukiwashusha pwani tu watakamatwa tena. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa CMS wakaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Freretown. Watu wakapewa mahali pa kulala, pa kulima na pa kusoma. Pia wakatundika kengele ya kuonya wateka watu wanapokaribia. Wewe uliyepanda matatu Mombasa ukasikia makanga akiita "Kengeleni!", jina limetoka kwenye kengele hiyo.

Kule Rabai alikuwepo William Jones. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India, kisha akarudi kulitumikia Neno. Mwaka 1885 akawekewa mikono kuwa mtumishi wa kanisa. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na mabwana zao wakaja kudai "mali" yao. Wako wamisionari walioona heri watoro warudishwe, wasigombane na wakubwa. Lakini Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza kumrudisha mtumwa aliyekimbilia kwako; aachwe akae pale apendapo. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya IBEA alikubali mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, hati za uhuru zikaanza kutolewa. Watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika misheni wakakombolewa. Mpendwa, neno "ukombozi" tunaloimba kila Jumapili, hao walilishika mkononi likiwa karatasi.

Sasa niseme langu. Dada yetu mmoja (ameniruhusu nisimulie, jina nimeliacha) alipata kazi ya nyumba huko Ghuba. Tukafanya harambee, nikamwekea mikono, tukamsindikiza hadi uwanja wa ndege tukiimba. Sikuuliza swali hata moja juu ya ajenti wake. Alipofika alinyang'anywa pasipoti. Alirudi baada ya miezi kumi na moja bila mshahara, na sisi tukampokea kwa minong'ono: "Kwani ameleta nini?" Akaacha kuja ibadani, nami mchungaji wake nikakawia kumfuata. Nimekaa kwa mama yake, nimemwomba msamaha. Leo naomba na mbele yenu.

Tulikosa kengele alipoondoka. Tukakosa Rabai aliporudi.

Basi, kuanzia Jumapili hii, kabla ya harambee ya safari yoyote, leta mkataba tuusome pamoja. Tutaangalia kama ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na nakala ya pasipoti itabaki kwa familia. Huko si kukosa imani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inampa anayesafirisha watu kwa ulaghai kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa hiyo usiogope kuripoti, hata kama ajenti ni jirani au ndugu kanisani. Mtoto akiwa hatarini, piga 116.

Na aliyerudi mikono mitupu, kiti chako kipo. Hatutakuuliza umeleta nini.

Baba, tusamehe tuliponyamaza. Tufanye kengele, na utufanye mahali pa kukimbilia. Amina.