Lugha ya Nyumbani na Mlango wa Shule

Ewe msomaji, hebu kumbuka siku yako ya kwanza shuleni. Mwalimu alikuamkia kwa lugha gani? Kama ulikulia Lamu au Mombasa, huenda alisema nawe kwa Kiswahili, ukamwelewa mara moja wala usione ajabu yoyote. Lakini kama ulitoka Siaya, au Mandera, au Loitokitok, pengine maneno yake yalikupita masikioni kama mvumo wa upepo, ukawa unawatazama wenzako ili ujue kama ni wakati wa kusimama au wa kuketi. Jambo hilo laonekana dogo. Hata hivyo, katika nchi yetu wamisionari, serikali na wazazi wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika mabishano hayo mtoto mwenyewe ndiye aliyekaa kimya.

Mwaka 1909 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Nairobi. Walishauri kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mama yake katika madarasa matatu ya kwanza, kisha kwa Kiswahili katika madarasa mawili ya kati, ndipo Kiingereza kishike nafasi mpaka mwisho. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki. Nayo ilikubali kwamba lugha ya nyumbani ianze na Kiingereza kifuate, lakini Kiswahili ikakiondoa, isipokuwa kule ambako ndicho lugha ya wenyeji. Mashauri yote mawili yalikuwa na akili ndani yake. Kosa lake ni moja: yalidhani kwamba kila darasa lina lugha moja. Vijijini mara nyingi mambo yalikuwa hivyo. Penye reli, bandari na mashamba makubwa hayakuwa hivyo hata kidogo.

Chukua mfano wa Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899. Enzi za ukoloni watoto wa mji huo walitengwa shuleni kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Wengi waliwaita Wahindi kwa jina hilo moja kana kwamba wote walinyonya ziwa moja. Kumbe huyu alisema Kigujarati, yule Kipunjabi, na wa tatu Kiurdu. Shule iliyotaka kumfundisha kila mtoto kwa lugha ya kwao ilihitaji walimu wa namna tatu na vitabu vya namna tatu. Basi usistaajabu kusikia kwamba jaribio kubwa la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza lilianzia katika shule za Wahindi za Nairobi, mwaka 1957. Baadaye likajulikana kama Njia Mpya ya shule za msingi.

Ingia nami katika darasa la namna hiyo. Zamani watoto waliketi safu kwa safu na kuimba kwa pamoja kila alichosema mwalimu. Sasa wameketi katika vikundi vidogo. Kikundi kimoja kinasoma na mwalimu; cha pili kinahesabu mbegu na vifuniko vya chupa; cha tatu kinachora; cha nne kina duka lake la kuchezea, mmoja anauza na wengine wananunua. Mwalimu akisema "nafungua mlango," anaufungua mlango kweli, na mtoto akisema hivyo, naye anaufungua. Neno halikuachwa likielea hewani. Lilifungwa na kitu kinachoonekana au tendo linalotendeka. Hiyo ilikuwa hekima kubwa, wala haikutegemea Kiingereza. Ungaliweza kufundisha hivyo kwa Kitaita au kwa Kituruki. Mimi naona kwamba walioshangilia matokeo ya jaribio hilo waliisifu lugha, ilhali sifa ilikuwa ya vikundi, ya vifaa, na ya mwalimu aliyefunzwa na kutembelewa mara kwa mara na wakaguzi wake.

Makosa ya namna hiyo hayakukawia kuzaa matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Njia Mpya ilienea upesi katika shule za Waafrika. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na mwaka 1964 tume iliyoongozwa na Profesa Ominde ikashauri Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza, Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima, na lugha za nyumbani zipewe kipindi cha hadithi. Usiwacheke wazee wale. Nchi ilikuwa changa, watu waliogopa ukabila, na kila mzazi aliona kwa macho yake kwamba kazi ya ofisini ilimwendea ajuaye Kiingereza. Lakini Njia Mpya ilikimbia kuliko walimu wake. Ilifika mahali ambapo mwalimu mwenyewe alikijua Kiingereza kwa shida, watoto walikuwa wengi, na mbegu za kuhesabia hakuna aliyezikusanya. Kilichobaki ni lugha ngeni bila njia iliyoichukua, na watoto wakarudi kule kule kwenye kuimba wasichokielewa.

Liko jambo jingine, nalo ni chungu zaidi. Katika shule nyingi mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao alivishwa kibao au kitu kingine cha aibu, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa lilo hilo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma huko Limuru, alieleza habari hizo katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986: viboko, bamba la chuma shingoni, na watoto waliofundishwa kuwindana. Fikiri, msomaji, mtoto wa miaka saba anajifunza nini hapo. Kiingereza labda kidogo. Anajifunza hasa kwamba kufumba mdomo ni salama kuliko kuufumbua, na mwalimu hawezi kumsahihisha mwanafunzi asiyesema.

Kusoma ni kazi ambayo mtu hujifunza mara moja. Aliyekwisha kutambua kwamba alama hizi nyeusi ni sauti, na sauti zile ni maneno anayoyajua, hana haja ya kulivumbua jambo hilo upya atakapofungua kitabu cha lugha nyingine. Na lugha zetu nyingi huandikwa karibu kama zinavyotamkwa, ilhali Kiingereza huwatega hata wenyewe.

Je, penye lugha sita katika darasa moja? Hapo mwalimu mwerevu huanza na neno moja. Huandika *maji* ubaoni, kisha huuliza kila mtoto kwao huitwaje. Mkikuyu atasema *maaĩ*, Mkamba *manzi*, Mjaluo *pi*, Mmaasai *enkare*, Msomali *biyo*. Kwa dakika tano kila mtoto amekuwa mwalimu, na darasa zima limeona kwamba maneno mengine ni ndugu na mengine ni majirani. Ndipo mwalimu huongeza neno la Kiingereza, nalo hupata mahali pa kukaa.

Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, na vitabu vya mfululizo wa *Tujifunze Kusoma Kikwetu* vikaandaliwa kwa lugha nyingi. Mjini, penye mchanganyiko, Kiswahili hushika nafasi hiyo. Katiba ya mwaka 2010 nayo imeitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Hata hivyo shule nyingi huanza na Kiingereza, na wazazi hulipa karo kwa furaha, kwa kuwa mtihani mkubwa huwa kwa Kiingereza.

Lakini mwalimu wa Kakuma hawezi kungoja tume nyingine. Kambi ile ya wakimbizi huko Turkana ilianzishwa mwaka 1992, na mtaala wake ni huu huu wa Kenya. Mtoto wa Kongo huja na Kiswahili chake. Wa Sudan Kusini huenda akaja na Kinuer, Kidinka au Kiarabu cha Juba. Wa Somalia na Kisomali. Mgeni kama huyo huketishwa kando ya mwenziwe anayejua lugha zote mbili, ya kwao na ya darasa. Kwa majuma ya kwanza huulizwa maswali ya kujibiwa kwa kidole au kwa picha, na huachwa anong'one na jirani yake kwa lugha ya kwao kabla ya kujibu. Asubuhi moja huinua mkono, akauliza swali mwenyewe.