Kikundi Chenu Kikichangia Chama cha Siasa, Sheria Inasemaje?

Neno letu "chama" lina kazi mbili. Chama ni akina mama wanaowekeana pesa kila mwezi, na chama ni kile kinachotafuta kura. Uchaguzi ukikaribia, mali ya chama cha kwanza huhamia kwa cha pili na hakuna anayeandika. Naandika haya kwa ajili ya waweka hazina wa vikundi na klabu zetu za Pwani, kwa sababu maswali yakija huulizwa wao.

Sheria kuu ni ile ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011. Haikutaja klabu ya mpira wala kikundi cha lelemama. Inasema tu kwamba mtu au shirika lisikipe chama cha siasa, kwa mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yote ya chama hicho. Chama kidogo kinachotumia shilingi 2,000,000 kwa mwaka hakiwezi kupokea kwenu zaidi ya 100,000. Kwa vyama vikubwa kiwango hicho ni cha juu mno kwa kikundi cha mtaani kukifikia.

Wengi hawajui kwamba sheria inahesabu pesa na vitu pia. Mkitoa viti, maturubai na masufuria yenu bure kwa mkutano wa chama, huo ni mchango. Ukumbi wa klabu uliofunguliwa bila kodi ni mchango, na hata basi la timu lililobeba wafuasi kutoka Likoni mpaka Kilifi ni mchango. Vitu hivyo ni vya wanachama wote, wakiwemo wasiokipenda chama hicho. Mwenyekiti akivitoa kwa simu moja ya usiku, ametoa mali isiyokuwa yake peke yake. Kwa maoni yangu, ugomvi mwingi wa vikundi baada ya uchaguzi huanzia hapo.

Sheria hiyohiyo inakataza michango ya mtu asiye raia, ya serikali ya nje na ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Hapa sisi watu wa Pwani tuna jambo letu. Ndugu walioko Muscat au Dubai hutuma pesa za kujenga uwanja au kununua jezi, na ni heri. Ndugu mwenye uraia wa Kenya hana tatizo. Lakini aliyebaki na uraia wa Oman pekee, pesa zake zikipitia kwenye akaunti ya klabu kwenda kwa chama cha siasa, zinabaki kuwa za mtu asiye raia. Klabu haizisafishi.

Tazameni pia cheti chenu. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, hamruhusiwi kuchangisha fedha wala kufanya kampeni ya kumuunga mkono au kumpinga mgombea au chama. Vikundi vya kijamii vina sheria yao ya 2022, kwa hivyo msichanganye.

Upande wa chama cha siasa, ni lazima kitangaze vyanzo vya fedha zake ndani ya siku 90 baada ya mwaka wake wa fedha kuisha, na hesabu zikaguliwe. Tatizo ni kwamba jina litakaloandikwa ni la klabu. Aliyeipa klabu hizo pesa haonekani. Uingereza wameuona ugonjwa huu: klabu huko zilikipa chama pesa bila kulazimika kuchunguza walioziwezesha, na Julai 2021 kamati inayosimamia maadili ya utumishi wa umma ilipendekeza pengo hilo lizibwe.

Huku kwetu kuna pengo jingine. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ingewabana wagombea wenyewe, lakini Bunge liliisimamisha mpaka baada ya uchaguzi wa 2017. Tume ya IEBC ilitangaza viwango mwaka 2021, kanuni zake hazikupita Bungeni, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila viwango hivyo.

Na tusijidanganye, mara nyingi pesa huja upande wetu: mipira, jezi, bahasha ya "kuinua akina mama". Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza vyama vya siasa kutoa hongo, na kumnunua mpiga kura ni kosa. Bahasha ikija, mweka hazina aandike siku, kiasi na jina la aliyeileta, asome mbele ya kikao, kisha atoe risiti. Mkiamua kutoa, amueni kwa kura, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mdai risiti ya chama. Anayekataa risiti, mrudishieni bahasha yake.